Leseni ya udereva na bima ya gari Massachusetts ukiwa huna makaratasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya jimbo la Massachusetts peke yake, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha Lowell na Worcester, na ambako zamu ya usiku haingoji basi. Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake za leseni na za bima. Ya jamaa yako aliyeko Texas au Georgia hayatakusaidia hapa.

## Mambo ya msingi

Je, mtu asiye na makaratasi, yaani asiye na hadhi halali ya uhamiaji, anaweza kupata leseni?

Ndiyo, tangu tarehe 1 Julai 2023. Gavana wa wakati huo aliikataa sheria hii, bunge la jimbo likampiku Juni 2022, na Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakaulizwa kama ibaki au ifutwe. Wakaibakisha.

Idara ya magari ya jimbo, ambayo kila mtu huiita RMV, haikuulizi uliingiaje nchini wala viza yako iliisha lini. Inataka kujua mambo matatu: wewe ni nani, ulizaliwa lini, na kama kweli unaishi Massachusetts. Usianze kueleza habari za uhamiaji ambazo hakuna aliyekuuliza. Karani hazihitaji, na hazikusaidii.

Leseni hii ina alama inayoonyesha kwamba sina makaratasi?

Hapana. Massachusetts hutoa leseni za aina mbili: ya kawaida na ile ya REAL ID, inayokubalika pia kama kitambulisho cha serikali kuu. Wewe utapewa ya kawaida, ambayo imeandikwa kwamba haitumiki kama kitambulisho cha serikali kuu. Kadi hiyohiyo wanayo raia wengi ambao hawakujisumbua kutafuta REAL ID, kwa hiyo mtu akiitazama hawezi kujua hadhi yako.

Kwa ndege za ndani ya nchi haitoshi tangu tarehe 7 Mei 2025. Pasipoti ya kwenu inakubalika kama kitambulisho, lakini kama unapaswa kupita uwanja wa ndege wakati huu ni swali la wakili wa uhamiaji.

Nilikuja kama mkimbizi, au nina ombi la hifadhi na kibali cha kazi. Ukurasa huu unanihusu?

Sehemu ya mitihani na bima, ndiyo. Sehemu ya nyaraka, hapana. Wakongo na Warundi wengi walioletwa na mpango wa wakimbizi wana hadhi halali, na wanaweza kuomba hata REAL ID kwa karatasi zao. Aliyekuja kwa viza ya masomo au ya matembezi ikaisha akiwa hapa ndiye anayelengwa na sehemu ya nyaraka.

Nina leseni ya Kenya (au Tanzania, au Uganda). Siwezi kuibadilisha tu?

Huwezi. Nchi chache zina makubaliano ya kubadilishana leseni na Massachusetts, na za Afrika Mashariki hazimo. Mgeni wa muda huruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao kwa kipindi fulani, lakini ukishakuwa mkazi inabidi ufanye mitihani yote miwili.

Kile kijitabu cha leseni ya kimataifa ni tafsiri ya leseni yako tu, si leseni. Wanaokiuza mtandaoni kwa dola 100 na kuahidi kwamba trafiki hatakugusa wanakula pesa yako bure.

Hata hivyo usiitupe leseni ya nyumbani. Itakufaa mara mbili: kama nyaraka ya pili RMV, na kama ushahidi wa uzoefu kwa wakala wa bima.

## Nyaraka

Nipeleke nini RMV?

Mafungu mawili. Fungu la kwanza ni utambulisho, na hapo unahitaji nyaraka mbili. Moja lazima iwe pasipoti ya nchi yako ambayo haijaisha muda, au kitambulisho cha ubalozi ambacho hakijaisha. Ya pili ni mojawapo ya hizi: cheti cha kuzaliwa halisi au nakala iliyothibitishwa, kitambulisho cha taifa cha nchi yako kilicho hai, leseni ya udereva iliyo hai ya nchi yako au ya jimbo lolote la Marekani, au cheti cha ndoa au hati ya talaka iliyotolewa Marekani. Kati ya hizo mbili, moja lazima iwe na picha na moja iwe na tarehe ya kuzaliwa.

Fungu la pili ni ushahidi wa makazi. Tazama swali la bili hapa chini.

Nyaraka isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Kwa Mkenya mwenye cheti cha kuzaliwa hilo si tatizo. Kwa Mkongo mwenye cheti cha Kifaransa ni gharama ya kupangia mapema. Fotokopi haikubaliwi, wala picha kwenye simu.

Fomu unaweza kuianza mtandaoni, lakini lazima ufike ofisini mwenyewe, kwa miadi, ukaonyeshe nyaraka.

Pasipoti yangu imeisha muda. Cheti cha kuzaliwa hakiwezi kuziba pengo?

Hakiwezi. Cheti ni nyaraka ya pili, na bila ya kwanza hakina kazi. Hapa ndipo wengi hukwama kwa miezi, kwa sababu kuifanya upya pasipoti kunadai ubalozi, alama za vidole na safari. Kwa hiyo ianze kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla ya kununua kitabu cha sheria za barabarani.

Majina yangu hayafanani.

Ni tatizo letu la kila siku: pasipoti ina majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili na la baba liko kwenye mstari wake, na kitambulisho kimeandikwa «Mohamed» wakati pasipoti inasema «Muhammad». Karani hulinganisha herufi kwa herufi. Kati ya nyaraka za pili ulizo nazo, chagua ile iliyoandikwa sawasawa na pasipoti; mara nyingi leseni ya nyumbani hufanana nayo kuliko cheti. Kama jina lilibadilika kwa ndoa, beba cheti cha ndoa. Kama kosa liko kwenye cheti chenyewe, rekebisha nyumbani kwanza.

Ninaishi chumba kwa jamaa na hakuna bili yenye jina langu. Nifanyeje?

Usinunue barua ya makazi kwa mtu. Ni udanganyifu, na kwa mtu asiye na makaratasi kesi ya udanganyifu ni mzigo mzito kuliko kukosa leseni.

Tengeneza ushahidi halali. Njia rahisi ni laini ya simu ya malipo ya mwezi kwa jina lako na anwani unayolala, au akaunti ya benki. Benki kadhaa hufungua akaunti kwa pasipoti. Nyaraka nyingi za aina hii zinatakiwa ziwe za siku 60 zilizopita, hivyo usipeleke taarifa ya benki ya mwaka jana. Sanduku la posta halihesabiki kama makazi.

Jambo dogo ambalo huangusha watu: leseni huja kwa posta. Kama jina lako haliko kwenye sanduku la barua la nyumba hiyo, tarishi anaweza kuirudisha. Kipande cha utepe na kalamu kinatosha.

Sina namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani).

Utathibitisha kwamba hujawahi kupewa, basi. Usiandike namba ya mtu mwingine, wala ile «uliyotengenezewa» kazini. Kama uliwahi kupewa namba halali zamani, kwa mfano ulipokuwa mwanafunzi mwenye kibali cha kazi, hiyo ni yako, na hutakiwi kusema kwamba huna.

Karani akiniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura?

Jibu ni hapana, kila mara, hata ukiulizwa haraka na kwa tabasamu. RMV pia ni mlango wa kuandikisha wapiga kura, na sheria ya 2022 inaitaka isiwaandikishe wasio raia, lakini kinga ya kwanza ni wewe mwenyewe. Asiye raia akijitia raia hujifungia njia za uhamiaji kwa namna ambayo hata ndoa na raia huenda isiifungue. Soma kila mstari kabla ya kusaini. Kama tayari umeshasaini, nenda kwenye swali la mwisho.

## Mitihani

Mtihani wa kwanza ukoje?

Ni maswali 25 kwa dakika 25, na unapita ukipata 18. Ada ya leseni ya kujifunzia ni dola 30, nayo hudumu miaka 2. Utapimwa macho pia: kama unavaa miwani, ivae. Lugha ya mtihani huchaguliwa wakati wa kuomba, lakini hata ukipata lugha unayoimudu, jifunze vibao kwa Kiingereza, maana barabarani havina tafsiri.

Ukiwa na leseni ya kujifunzia huruhusiwi kuendesha peke yako. Kando yako akae mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, mwenye leseni kwa angalau mwaka mmoja. Kuendesha peke yako kwenda kazini «kwa vile ni karibu» ni kuendesha bila leseni.

Mtihani wa barabarani unahitaji nini?

Mdhamini mwenye sifa hizo za miaka 21 na mwaka mmoja wa leseni, na gari lenye usajili, bima na ukaguzi ulio hai. Mtahini lazima aweze kuifikia breki ya mkono kutoka kiti chake. Gari ambalo breki yake ya kuegesha hukanyagwa kwa mguu upande wa dereva hurudishwa hapohapo, na siku yako imepotea. Kama huna gari la kufaa, shule ya udereva hukodisha lake pamoja na mdhamini.

Mtihani ni dola 35, na leseni yenyewe dola 50. Hudumu hadi miaka 5.

Nimeendesha Nairobi miaka 15. Kwa nini watu kama mimi hufeli?

Kwa sababu ya miaka hiyo 15. Mikono imezoea upande wa kushoto, na macho yamezoea kujadiliana na matatu. Mtahini hatazami kama unajua kuendesha. Anatazama kama unafuata utaratibu.

Kibao cha kusimama ndicho mchinjaji mkuu. Gari lisimame kabisa kabla ya mstari, magurudumu yatulie, uhesabu mbili, ndipo utazame na kuondoka. Kupunguza mwendo hadi hatua ya mtoto si kusimama. Kwenye mzunguko, hapa magari huzunguka kinyume cha saa na unaingia ukitazama kushoto. Aliyefunzwa Dar au Mombasa hugeuza kichwa upande usiofaa. Aliyejifunzia Bujumbura, Kigali au Lubumbashi ana nafuu, kwao ni kulia.

Kisha kuna kurudi nyuma kwa futi 50 kwa mstari ulionyooka. Geuza kiwiliwili na utazame kupitia dirisha la nyuma. Anayerudi kwa kutegemea kamera au vioo vya pembeni hukatwa alama. Kuna kugeuza gari kwa hatua tatu, na kupaki mlimani kwa matairi yaliyokatwa upande sahihi. Ishara za mkono nazo huulizwa: mkono wa kushoto ulionyooka ni kushoto, uliopinda juu ni kulia, ulioelekezwa chini ni kusimama.

Na basi la shule. Likiwasha taa nyekundu na kibao kikafunguka, pande zote mbili husimama.

## Gari na bima

Ninunue gari kwanza au leseni kwanza?

Leseni kwanza. Massachusetts huwezi kupata namba za gari bila bima: wakala wa bima ndiye anayeidhinisha fomu ya usajili kabla RMV haijaipokea. Wakala naye atataka namba ya leseni. Ukinunua gari kabla, litakaa uani likikusanya theluji.

Ukishapata leseni, mpango ni huu: wakala akukatie bima na kuidhinisha fomu, ulipe kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, hati ya umiliki dola 75, na usajili wa miaka 2 dola 60. Ndani ya siku 7 peleka gari likaguliwe, dola 35. Baadaye mji wako utakuletea kodi ya gari ya kila mwaka, dola 25 kwa kila dola 1,000 za thamani. Usiitupe barua hiyo ukidhani ni tangazo. Deni lake huzuia kuhuisha leseni na usajili.

Kampuni ya bima itaniuliza makaratasi?

Bima hukatwa kwa leseni, anwani, gari na rekodi ya uendeshaji. Namba ya Social Security si sharti. Tena Massachusetts ni kati ya majimbo machache yanayokataza kampuni kupanga bei kwa historia ya mikopo, jambo linalomsaidia sana mtu asiye na historia hiyo. Wakala akisisitiza namba hiyo, nenda kwa mwingine.

Bima ya lazima ni ipi?

Kwa bima zilizoanza au kuhuishwa tangu tarehe 1 Julai 2025, sehemu nne ni za lazima. Majeraha kwa wengine: dola 25,000 kwa mtu mmoja na 50,000 kwa ajali nzima. Uharibifu wa mali ya wengine: dola 30,000. Kinga dhidi ya dereva asiye na bima: 25,000 na 50,000. Na matibabu yako na abiria wako bila kujali nani ana kosa: dola 8,000, fungu ambalo pia hulipa sehemu ya mshahara uliokosa.

Gari lako mwenyewe halimo. Ukitaka lilipwe likigongwa au likiibiwa, ongeza sehemu hizo. Nyumbani tungesema hiyo ya lazima ni bima ndogo, na ukiongeza unaelekea bima kubwa.

Kama ni ya lazima, si inatosha?

Haitoshi kwa maisha yetu, na hili ndilo swali ambalo tungependa liulizwe zaidi. Sehemu ya kwanza, ile ya majeraha kwa wengine, haiwalipi abiria waliomo ndani ya gari lako, na haifanyi kazi nje ya Massachusetts. Sasa fikiria gari linalotoka Lowell saa kumi alfajiri na wauguzi wasaidizi wanne kuelekea zamu, au linalovuka mpaka kwenda Nashua, jimbo la New Hampshire, mwendo mfupi tu. Ukikosea na abiria wakaumia, wana zile dola 8,000 za kila mmoja, kisha wanakugeukia wewe.

Dawa yake inaitwa sehemu ya 5, majeraha kwa wengine ya hiari. Inawaingiza abiria na inavuka mipaka ya jimbo. Mwambie wakala hivi: «Nataka sehemu ya 5, na kiwango kiwe juu ya kile cha lazima.» Ukipaswa kubana matumizi kwenye gari kuukuu, acha bima ya kugongwa kwa gari lako, usiache hiyo.

Mbona naambiwa bei kubwa wakati nina uzoefu wa miaka mingi?

Kwenye kompyuta ya kampuni wewe ni dereva mpya. Mpe wakala leseni ya nyumbani yenye tarehe ya kwanza kutolewa, na uombe miaka hiyo ihesabiwe. Wengine hukubali, kwa hiyo uliza zaidi ya mmoja. Ukiweza kulipa kwa mkupuo, utaepuka ada za awamu. Ukikosa awamu, kampuni itakupa notisi, itafuta bima na kuiarifu RMV, na usajili wako utafutwa. Wengi hujua siku waliyosimamishwa na polisi.

Kampuni zote zimenikataa.

Mwombe wakala akupeleke kwenye mpango wa jimbo wa madereva wasiotakiwa, unaojulikana kama MAIP. Hapo kampuni moja hupangiwa kukuchukua.

Gari liko kwa jina la rafiki, mimi ndiye ninayeliendesha.

Lazima jina lako liwemo kwenye bima kama dereva wa kila siku. Hivyohivyo kwa kila mwenye leseni anayeishi nyumba hiyo. Kuficha dereva ili bei ishuke huonekana ujanja mpaka siku ya ajali, kampuni inapokataa kulipa sehemu za hiari na rafiki yako anashtakiwa pamoja nawe. Na gari likiwa la mwenzako kwenye hati, ni lake: mkikosana atalichukua, na hakuna mahakama itakayokusikiliza kwa urahisi.

New Hampshire hawalazimishi bima. Naweza kusajili huko?

Usithubutu kama unalala Massachusetts. Gari husajiliwa na kukatiwa bima mahali linapolala usiku. Anwani ya binamu wa Nashua kwa gari la Lowell ni udanganyifu.

## Barabarani

Nikishikwa bila leseni au bila bima, hasara ni nini hasa?

Bila leseni kuna faini, na zaidi ya hiyo polisi ana ruhusa ya kukukamata. Ukikamatwa unachukuliwa alama za vidole, alama hizo huenda FBI, na kutoka huko zinafika kwa maofisa wa uhamiaji. Ndiyo maana kadi ya dola 50 ina thamani kubwa kuliko bei yake. Bila bima, faini ni kati ya dola 500 na 5,000, kifungo kinaweza kufika mwaka mmoja, na leseni husimamishwa siku 60.

Je, RMV itawapa uhamiaji habari zangu?

Sheria ya jimbo inasema nyaraka ulizotumia kuomba si rekodi za umma, na hazitolewi isipokuwa sheria ya serikali kuu ikidai au kanuni za mwanasheria mkuu wa jimbo zikiruhusu. Hiyo ni kinga ya kweli, ila si ukuta kamili: mitandao ambayo polisi hutumia kutafuta namba za magari na leseni imewahi kufikiwa na idara za serikali kuu. Mwenye amri ya kufukuzwa nchini, au kesi ya jinai, amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuomba. Kwa wengine, kuendesha kila siku bila leseni ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu iliyoelezwa katika swali lililotangulia.

Trafiki akinisimamisha nikiwa na leseni?

Paki kulia, zima gari, mikono juu ya usukani. Mpe leseni na kadi ya usajili. Hulazimiki kujibu ulizaliwa wapi au uliingiaje nchini. Sema kwa adabu kwamba hutajibu. Usidanganye, na usitoe kadi ya mtu mwingine.

Nikipata ajali?

Usikimbie, hata kama moyo unakuambia ukimbie. Kuondoka kwenye ajali ni jinai, kugongana si jinai. Badilishaneni majina, leseni, namba za gari na kampuni za bima, piga picha, mweleze wakala siku hiyohiyo. Mtu akiumia au akifa, au uharibifu ukizidi dola 1,000, jaza ripoti ya ajali ndani ya siku 5: nakala moja RMV, moja polisi, moja kampuni ya bima. Hata kama anayekulipa fidia ni bima ya mwenzako, hadhi yako ya uhamiaji haikunyimi haki ya kulipwa.

Leseni hii inakubalika majimbo mengine?

Kwa kawaida ndiyo. Florida, kwa sheria ya 2023, hukataa leseni ambazo majimbo mengine huwatengea wasio na makaratasi peke yao. Ya Massachusetts hawajatengewa wao. Ni ileile ya raia. Ukihamia jimbo lingine, hesabu upya: New Hampshire, kwa mfano, haitakupa leseni.

Naweza kubeba watu kwa malipo?

Kuchangia mafuta na wenzako wa zamu hakuna shida. Kuligeuza gari kuwa teksi kunavunja masharti ya bima ya binafsi, na ukipata ajali ukiwa na mteja utajilipia.

Nilisaini fomu ya kupiga kura bila kuelewa. Sasa?

Usipige kura hata mara moja, ukiletewa karatasi ya kura au usiletewe. Usikimbilie pia kwenda kujieleza ofisini kwa karani wa mji. Tafuta nakala ya kila ulichosaini, andika tarehe na ulichoambiwa, kisha mpelekee wakili wa uhamiaji, si mtu wa kujaza fomu. Wakili ndiye atakayeandika barua ya kuondoa jina, kwa maneno ambayo hayatakurudia siku ya kuomba makaratasi.